Wali wa Watu Wawili

Mwanangu Everlyne,

Shikamoo zako za kwenye simu nazipokea, lakini simuni hunipi nafasi ya kusema, kwa hiyo naandika.

Chakula cha kuletewa nyumbani nimekikubali, ila mpishi nimemchagua mwenyewe. Yule uliyenitafutia Malindi mjini nimemwacha. Wali wake hauna nazi, na samaki hufika amepoa. Sasa ananipikia Emily, yule tunayesali naye hapa Gongoni, na anayekileta ni Phineas, kwa pikipiki. Ni mtu mzima wa bara, zamani alifanya kazi kwenye kiwanda cha chumvi.

Siku ya kwanza nilifunua wali naye bado amesimama mlangoni, nikamwambia karibu, kama ilivyo ada. Mtu wa kwetu angejibu "starehe" akaenda zake. Phineas alivua helmeti, akaomba maji ya kunawa, akaketi. Nilishikwa na kicheko, nikamgawia nusu. Alipomaliza akauliza kama Emily huwa hatii ukoko. Siku hizi naagiza wali wa watu wawili.

Basi usiniambie tena nihamie kwako Nairobi kwa sababu ya macho. Macho yangu ni mazima. Zile sufuria ulizozikuta zimeungua nilikuwa naziona vizuri. Tangu babako afariki, nilikuwa nikipika, chakula kikiiva nakumbuka sina wa kumwambia karibu, naziacha hapo hapo motoni.

Wasalimie wajukuu wangu.

Mamako