Gia Iliyotokea Upande wa Abiria

Nyumbani, nyuma ya mashine ya kusaga,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Hiyo ni moja ya kwangu, ya pili ni ya mkweo, na ya tatu ni ya huyu mjukuu wako wa miezi minane. Yeye kusema hajui, ila ameshaninyang'anya kalamu mara mbili, nadhani ndiyo salamu yake. U mzima? Mgongo je? Mara ya mwisho ulisema huko ghalani mnanyanyua maboksi mpaka unasikia kiuno kinakuita kwa jina. Kama bado unauma lala sakafuni, achana na magodoro laini, yale ni adui mwenye sura ya rafiki.

Sisi huku wazima wa kuhema. Mama anakohoa kidogo, lakini kikohozi hakimzuii kusema, kwa hiyo hatuna wasiwasi naye. Mimi bado nauza chochote kinachouzika. Mwezi jana vifuniko vya simu, mwezi huu miavuli, na tangu ninunue miavuli mvua imegoma. Majirani wananiomba nisiimalize, eti nguo zao zinakauka vizuri.

Baba hajambo mwilini. Huko kwingine ndiko kulikonifanya nikuandikie. Hajui kama naandika, na ukimwambia, nitasema huu si mwandiko wangu.

Ni ile gia uliyotuma, Baba Mdogo. Unakumbuka kile kitufe cha foo-wili, cha kuvutisha magurudumu yote manne, kwenye dashibodi ya pikapu ya Baba kilivyokufa. Unabonyeza, taa inakukonyeza, chini ya gari hakuna kinachosogea. Fundi akasema mota inayovuta gia ndogo imeungua, na mota mpya bei yake haitajwi mbele ya mtu mwenye presha. Bila foo-wili Baba hawezi kutoka kwenye shimo la kokoto na mzigo, na shimo la kokoto ndiyo kazi yake. Ndipo uliposema utatafuta gia ya mkono, chuma kitupu, isiyotaka kitufe wala mota, mtu anaivuta mwenyewe.

Boksi lilipofika Baba alilifungua mezani kwa kisu cha mkate, polepole, kama anayemvua bandeji mgonjwa. Akapanga boliti zote juu ya kitambaa cha meza. Halafu akaikunjua ile karatasi ya picha, akaitazama mpaka chai yake ikapoa.

"Huyu dereva wao," akasema, "mbona amekaa kwenye kiti cha abiria?"

Hapo ndipo tukaelewa. Huko uliko dereva anakaa kushoto. Huku kwetu anakaa kulia. Gia ile imetengenezwa itokee ubavu wa kushoto wa boksi la katikati ya viti, kwenye goti la dereva wa huko. Kwa gari letu hilo ni goti la abiria.

Shemeji Cheche, huyu mchomeleaji aliyemuoa dada, akasema irudishwe ilikotoka. Baba akamtazama kama mtu aliyeambiwa amrudishe mtoto wodini. "Mdogo wangu amebeba maboksi ya watu mpaka mgongo umepinda ili nipate hii. Leo nimwambie haiingii? Itaingia." Akatuapisha wote, hata Mama, kwamba usiambiwe. Kwa hiyo mimi sasa hivi navunja kiapo kwa kalamu ya kuazima.

Tuliifunga siku mbili, pale uani. Tulipoling'oa lile boksi la katikati, la kuwekea vikombe, tulikuta biskuti zilizokuwa mawe na ule ufunguo wa kabati la Mama, uliomfanya shemeji ashukiwe mwaka mzima. Shemeji aliushika juu kama kombe la mpira. Kisha akaanza kukata sakafu ya gari kwa mashine, Baba kalala chini yake.

"We bwana, cheche zinaniingia sikioni!"

"Jina mlinipa wenyewe, mzee!"

Matundu ya kile chuma cha kushikilia gia hayakulingana na giaboksi yetu hata moja. Tukapinda rodi, tukachomelea kipande cha kitanda cha zamani, tukapinda tena. Boksi la plastiki nililitoboa mimi kwa kisu nilichokipasha moto jikoni, tundu likatoka limepinda kama mdomo wa mtu aliyeonja ndimu. Nikalizungushia ngozi ya buti, nikashona kwa mkono. Ungeliona ungedhani ni kazi ya kiwanda. Kiwanda kibaya, lakini kiwanda.

Ikaingia kweli. Ila gari likikaza na mzigo kwenye mlima, gia inaruka. Ikiruka, injini inanguruma bure na magurudumu hayajashikwa na kitu, umebaki na breki na Mungu. Lazima mtu aikamate kwa mikono miwili toka chini mpaka juu. Dereva hawezi, iko mbali naye, na kakako unamjua urefu wake. Akiinama kuifikia haoni njia, anaona redio.

Basi nikawa mshika gia. Baba akisema "Kamata!" nakamata. Akisema "Achia!" naachia. Tatizo lilikuwa moja, shimoni haruhusiwi mtu mwingine ndani ya gari, ni dereva peke yake. Kwa hiyo tukifika getini nalala chini ya kiti na kujifunika viroba vitupu, tukishapita natoka nimejaa vumbi kama muhogo uliosahaulika kwenye majivu. Wiki tatu hivyo, Baba Mdogo. Na Baba katika hizo wiki tatu alizungumza na mimi kuliko miaka kumi yote iliyopita. Alinifundisha kusikia injini inapokaribia kuchoka. Alikuwa anaimba, tena vibaya.

Siku moja vumbi likanishinda, nikapiga chafya palepale getini. Nyapara akasogea dirishani.

"Mzee, leo viroba vyako vina mafua."

Baba akacheka, nyapara hakucheka. Akasema, "Mwaka juzi ulikuwepo hapa. Unajua kwa nini tunasema dereva peke yake." Ni kweli alikuwepo, walipomtoa chini ya lori mpakiaji mmoja aliyekuwa amepanda na dereva. Baba akanifungulia mlango. Nikashuka.

Sasa hili linalofuata nataka ulisome kwa mwandiko wangu, usije ukalisikia kwa mtu. Wazo la mpira lilikuwa langu. Nilikata mpira wa ndani wa tairi la lori, nikafanya mkanda, nikaifunga gia kwenye mguu wa kiti ili isiruke. Baba akauvuta, akautazama, akaniuliza, "Utashika?" Nikamwambia, "Mzee, mpira huu unashika hata ndoa." Akacheka, akawasha gari, akaenda.

Ulishika siku nne. Alhamisi ya wiki juzi nilikuwa juu ya shimo, nimesimama na miavuli yangu, nikaona pikapu inapanda vizuri na mzigo, kisha ikasimama katikati kama imekumbuka kitu, kisha ikaanza kurudi nyuma. Wapakiaji walitupa makoleo wakakimbia. Baba alikata usukani akaiegemeza kwenye lundo la mchanga pembeni. Hakuumia mtu, nashukuru. Nilipomfikia bado alikuwa amekanyaga breki, na gari limeshasimama zamani. Nikamwambia, "Baba, toa mguu." Hakuutoa. Nikainama nikauondoa kwa mikono yangu mwenyewe.

Nyapara angefoka ingekuwa nafuu. Alichukua kadi ya geti akasema, "Nenda nyumbani, mzee wangu," kwa sauti ile ya msibani. Jumatatu kadi imepewa kijana mwingine, ambaye kitufe chake kinafanya kazi.

Usidhani tumekaa tu. Nimezunguka na Baba kwenye mashimo mengine mawili na kwa wajenzi wa kule juu. Kila tulikofika, habari ilikuwa imetangulia na imeshakaa kwenye kiti. Fundi naye ameingia chini ya gari akatoka anatikisa kichwa. Anasema hata ikipatikana ya upande wetu, mkono wa giaboksi tumeshaupinda na sakafu tumeshaikata, sisi wenyewe, kwa bidii zetu. Jumamosi anakuja mnunuzi, mtu wa mikate. Anazunguka tambarare, foo-wili haimhusu. Ametaka gia itolewe na tundu lizibwe. Nitalifanya mimi. Baba nilipomuuliza alisema "Uzeni," bila kuinua kichwa, kama mtu aliyeombwa chumvi.

Sasa nakujua, hapo ulipo umeshaanza kupiga hesabu ya kutuma nyingine. Usitume, nakuomba kwa heshima zote. Haitalikuta gari, na ingelikuta gari isingeikuta kadi, na Baba angejilazimisha tena kwa sababu imetoka kwako. Wala usijilaumu. Chuma chako kilikuwa chuma kizuri, sisi ndio tuliona aibu kusema hapana.

Ninachokuomba ni kimoja. Zamani watu walikuwa wanakuja hapa nyumbani kumuuliza Baba: njia ya shimoni ikoje baada ya mvua, gari hili linalia nini, nipakie kiasi gani. Tangu Alhamisi ile hajaulizwa kitu na mtu yeyote zaidi ya "umekula?" Mimi nimejaribu. Nilimuuliza niuze nini baada ya miavuli. Akasema, "Wewe unajua." Huyo ni mtu ambaye hajawahi kukubali kwamba mimi najua chochote.

Mpigie, Baba Mdogo. Usimuulize gari, na pole usimpe, pole zimejaa humu ndani mpaka hatuna pa kukaa. Muulize kitu anachokijua yeye na wewe hukijui. Wewe ni mdogo wake, kwake unaruhusiwa kutojua. Sina hakika kama itasaidia, sitaki nikudanganye. Na kama na wewe atakwambia "wewe unajua," usikate simu. Kaa naye hivyohivyo, kimya, mpaka salio liishe.

Mama anakusalimu, anasema ule. Dada na shemeji Cheche wanakusalimu, mkweo pia. Msalimie Mama Mdogo na watoto, waambie wana ndugu huku wengi kuliko viti.

Mungu akulinde mgongo huo, na mlango utakaoupita kila siku uendako kazini uwe mwepesi mkononi mwako.

Mimi mwanao nikupendaye, sasa na siku zote,

Domokaya.