Masinia Saba Niliyoyakwangua

Jumatano, Ole. Mvua ya asubuhi imepita, jua linawaka, na uwanja wangu wa vyuma chakavu unang'ara kama duka la vyombo. Nina furaha na nina aibu, vyote kwa pamoja.

Naanza na aibu.

Mnaonisoma mnaijua kazi yangu. Nanunua vyuma chakavu, na nikipendacho zaidi ni stenlesi, chuma kisichoshika kutu. Sumaku haikosi mkobani mwangu. Ikinata kwa nguvu, hicho chuma cha kawaida, nakitupa fungu la nondo. Ikiteleza, moyo unacheka. Stenlesi haifi: inavushwa bara, inayeyushwa kiwandani, inarudi ikiwa karo la jikoni, mkasi wa hospitali, bomba la kupitishia maziwa, au pipa la kuchemshia makonyo ya karafuu yatoe mafuta. Nikilifikiria hilo, wallahi, najiona mtu wa maana.

Ila mnunuzi wangu wa bara hataki uchafu wala rangi. Kwa hiyo kila kipande nakipiga msasa mwenyewe.

Hapo ndipo nilipojiponza.

Juzi Mzee Khamis, jirani yangu aliyeoza binti mwezi uliopita, aliniletea masinia saba yaliyobaki kwake tangu harusini. Yalitumika kufunikia masufuria ya pilau na kupaliwa makaa juu, yamekuwa meusi tititi. Alidhani kila mwenye chake keshachukua, haya yaliyobaki ni ya kwake. Sasa, sisi huku shughuli ikifika kila nyumba inaazima sinia, na chini ya sinia kuna alama ya rangi ya nyumba ile. Mimi, mtoto wa hapa hapa, nikaona masizi na vidoa vya rangi iliyoungua, nikashika msasa. Yote saba! Moja lina tundu ukingoni, nikasema hili ndiyo basi tena.

Na harusi ile ile ndiyo iliyopoteza sinia la marehemu mama yangu, lenye alama ya kijani. Nilishamtia hatiani Bi Zuwena, mpakuaji wetu wa shughuli zote, kwa kuwa yeye ndiye aliyelipokea mkononi mwangu. Sikumwambia kitu. Lakini mwezi mzima nampita njiani kwa salamu ya nusu mdomo, na nyumbani nimemsema mpaka ulimi umechoka. Astaghfirullah.

Leo Mzee Khamis kaja mbio, kofia mkononi. Mkewe karudi kutoka Wingwi na swali moja tu: masinia ya watu yako wapi?

"Mwanangu, nambie hujayapeleka bandarini!"

Yalikuwa bado guniani. Lakini yote meupe pee, yanafanana kama mayai, na wenyewe, wanawake sita waliomfuata Mzee Khamis nyuma, wamesimama uwanjani kwangu mikono kiunoni. Nilitamani ardhi inimeze.

Aliyeniokoa ni Bi Zuwena, aliyesikia zogo akaja. Kayapanga kwenye jamvi, kayageuza moja moja, kila moja kalipapasa ukingo, kaligonga kwa kidole. Hili zito la Bi Fatma. Hili lenye bonde lilianguka kwenye hitima, la Bi Mwanaidi. Miaka yote ya kupakua, anayajua masinia ya mtaa mzima kwa mkono, rangi hana haja nayo. Kila mtu kachukua lake, kicheko juu ya kicheko, na mimi wakanibatiza Bi Msasa.

Likabaki moja. Lile la tundu.

"Hili la mama yako," kasema. "Tundu alilitoboa mwenyewe kwa msumari, alitundike ukutani."

Nimelia mbele ya watu. Nimekula kwenye sinia lile tangu sijaota meno, kumbe nililolijua ni rangi tu. Na wiki ijayo lingekuwa tanuruni, kwa mkono wangu mwenyewe.

Bi Zuwena kaniacha nilie nimalize. Halafu, taratibu: "Mwezi mzima huniamkii vizuri, mwanangu. Haya, niamkie."

Alijua! Siku zote alijua, na bado kaja kunitoa kwenye fedheha.

Nimemshika mkono kwa mikono yangu miwili. Shikamoo, Bi Zuwena. Marahaba yake ilikuwa ndefu, nadhani imesikika mpaka barabarani.

Sinia nimelitundika ukutani. Sumaku iko mkobani, na kesho kabla ya kazi nitapita kwake kumwamkia tena, mdomo mzima.