Theluji ya Ndani ya Frigo

Jumamosi, Likasi. Mvua inatwanga mabati tangu alfajiri, umeme unakuja na kuondoka, na mimi nina furaha hadi nashindwa kukaa chini.

Utafiti wangu wa chuo ni wa theluji. Ndiyo, mimi, ambaye sijawahi kuiona hata siku moja. Kuna nchi zinazosubiri theluji ya milimani iyeyuke ndipo mito ijae, kama sisi tunavyosubiri mvua ili mto Lufira uzungushe mitambo ya umeme ya Koni. Kupima kina cha theluji ni rahisi, kupima maji yaliyomo ni kazi. Basi natafuta hesabu ya takwimu itakayochukua kina na kukisia maji. Majirani wakisikia hivyo wananicheka, nami nacheka nao.

Wiki hii sikucheka. Profesa wangu wa Lubumbashi alisema makisio yangu yanakosea mno theluji inapokaribia kuyeyuka. Nisiporekebisha kufikia Jumatatu, nitafute mada nyingine. Nililia, nakiri. Sijawahi kupenda somo lolote namna hii.

Jana umeme ulikatika, mama akaniita jikoni, kwenye friji.

"Weye, njoo utoshe hii barafu, frigo haifungike tena!"

Nikaanza kuitoa kwa kuikwangua, huku nimenuna. Barafu mpya ya juu ilikuwa laini kama unga. Ya zamani, chini, ngumu kabisa. Kwa utundu tu nikajaza kikombe kimoja cha kila aina. Zilipoyeyuka, ile laini iliacha maji kidogo tu, na ile ngumu ikakaribia kujaza kikombe.

Nikacheka peke yangu.

Nilikuwa nimesoma kwamba theluji hujishindilia kadiri inavyokaa, nikaona ni jambo dogo, nikaipa yote uzito mmoja wa wastani. Umeme uliporudi nikaingiza umri wa theluji kwenye hesabu, kisha nikaijaribu hesabu kwa vipimo vya milima mingine, ambayo sikuitumia kuitengeneza. Makosa yakapungua sana, hasa pale pa kuyeyuka.

Leo mchana profesa amejibu: niendelee. Nilipiga kelele, mama akatoka mbio, mikono imejaa sabuni.

"Ule prof anakubali? Anakuachia theluji yako?"

"Ananiachia, mama!"

Tukacheza mbele ya nyumba, mvua ikitunyeshea, wala hakuniuliza hesabu yenyewe inasemaje.

Sasa nimebaki na swali moja tu. Siku nikifika kwenye mlima wenyewe, nitaigusa theluji kwanza au nitaipima?