Nani Kautanua Mdomo wa Jiko?

Saa 12:40 asubuhi. Jiko la majaribio limejaza moshi jikoni.

Baba Watoto, uji uko kwenye chupa. Mama yako anywe dawa ya kifua saa mbili.

Eti umeutanua mdomo wa jiko kwa panga "ili gogo zima liingie"! Niliufanya mwembamba makusudi, moshi upungue. Jana maji yalichemka baada ya dakika kumi na moja, leo ishirini na sita. Na leo ndiyo nawaonyesha kina mama wa kijijini.

~~Uuzibe kwa udongo.~~ Usiliguse tena, fundi wa panga. Kazi yako ni kupasua kuni.

Nimebeba lile jiko la akiba, lenye ufa, nikawaonyeshe hilo.

Saa 12:55 nimemtoa mama yako nje. Bado anakohoa.

Mama Watoto