Simu Ambayo Hukuipiga

Dada Tausi,

Shikamoo. Najua ungependa barua hii ije kwako peke yako, ndani ya bahasha, kama mambo ya nyumbani kwetu yanavyokwenda siku zote. Lakini mimi nilikusemea uongo mbele za watu, na walionisikia ni wengi. Kwa hiyo naandika wazi, nao wasome.

Tangu urudi Morogoro tunaongea kila Jumapili. Unauliza watoto, nakwambia hawajambo. Nauliza mgongo, unasema afadhali. Kile kikao cha bajeti hujawahi kukitaja hata mara moja. Ungenigombeza ningepata nafuu.

Watu hawamjui dada yangu, acha niwaeleze. Nilipofika London ulinipokea kwenye chumba chako kimoja Barking, ukanipa kitanda, wewe ukalala chini. Ulikuwa unafanya kazi ya kea, kuinua wazee wa watu, kuwaogesha, kuwageuza. Mgongo ukaanza kukusumbua. Baadaye tukahamia manispaa nyingine, ambayo sitaitaja, na huko ndiko alikokuja kukugongea mlango yule bwana mwenye tai, akiuza vitanda vya umeme vya kutibu mgongo. Ulimkaribisha chai. Alipoondoka ulikuwa umeshasaini.

Baada ya wiki chache kitanda kikakwama upande mmoja. Ukawa unalala umepinda, na makato ya kila mwezi yanaendelea. Hukuniambia. Niliziona karatasi mwenyewe nikitafuta chumvi kabatini, umezikunja nyuma ya pakiti ya unga.

“Usimwambie mtu,” ulisema. “Kanisani wataniona mshamba.”

Nikakupeleka kwenye dawati la manispaa la haki za mlaji, lililokuwa ghorofa ya chini ya maktaba. Bi Hansa, yule mama wa Kigujarati, aliusoma mkataba wako wote kwa kidole, mstari kwa mstari, watu wakisubiri nyuma yetu. Kisha akakuuliza, “Kabla hujasaini, kuna aliyekusomea hii?”

“Hakuna.”

“Basi huna haja ya kuona aibu. Wenye kuona aibu ni wao.”

Ulilia pale pale kwenye kiti. Bi Hansa aliwaandikia wale wauzaji barua, wakampuuza, akaandika tena, mpaka wakaja kukichukua kitanda chao na mkataba ukafutwa. Ulimpelekea vitumbua. Alikula viwili mbele ya wateja wake, na wewe ukarudi nyumbani umefurahi kama uliyepewa zawadi.

Nilipogombea udiwani nilikuomba ruhusa niisimulie habari hiyo. Ulifikiri siku mbili ndipo ukanijibu: “Isimulie kama ilivyokuwa. Na Bi Hansa umtaje.” Nikaisimulia mlango kwa mlango. Watu waliokuwa wamefungua kidogo tu walifungua wazi, wakaanza kunieleza ya kwao, simu mbovu, madirisha yanayovuja, mikataba wasiyoielewa. Dada, nilichaguliwa kwa ajili ya kitanda chako.

Mwaka wangu wa tatu wa udiwani, bajeti ikawa na pengo kubwa. Hilo halikuwa uongo. Fedha kutoka serikalini zilipungua, wazee wa kutunzwa waliongezeka, na kila tulipogusa palikuwa na mtu wa kuumia. Dawati la Bi Hansa lilikuwa na wafanyakazi watatu na hapakuwa na mkubwa wa kulitetea. Maofisa wakapendekeza lifungwe, watu wawe wanapiga simu. Kiongozi wa kundi letu la madiwani akaniita pembeni. “Sema wewe,” aliniambia. “Watu wako ndio wanaolitumia. Ukikubali wewe, hakuna atakayebisha.”

Kura yangu ya kulifunga labda ningeweza kukueleza. Ungenuna, ungenielewa. Ile sentensi ya hotuba yangu ndiyo siwezi kuieleza, kwa sababu hakuna aliyeniandikia. Niliitunga mwenyewe, mezani kwangu jikoni, nikaisoma kwa sauti, nikaona inapendeza.

Na nilikualika. Nilikwambia ni hotuba yangu ya kwanza ya bajeti, uje unione. Ulikuja moja kwa moja kutoka kazini, sare ya kea ndani ya koti, ukakaa kule juu wanakokaa wananchi. Bi Hansa alikuwa karibu yako. Mlisalimiana kwa kushikana mikono miwili. Niliwaona, na bado nikasimama nikasema: “Dada yangu mwenyewe aliwahi kutapeliwa mlangoni kwake. Alipiga simu moja tu, jambo likaisha. Hakuhitaji dawati lolote.”

Wenzangu walitikisa vichwa kukubali. Nilipoinua macho, Bi Hansa alikuwa amekugeukia. Wewe ulikuwa unaangalia viatu vyako.

Baada ya kikao tulisimama kituo cha basi. Kisha ukaniuliza kwa upole, “Hiyo simu nilimpigia nani?”

“Ni namna ya kusema tu, dada.”

“Bi Hansa ameniuliza kama nimemsahau.”

“Ukamjibuje?”

“Nimemwambia wewe ni mdogo wangu.”

Basi lilikuja ukapanda. Mimi nikasema nina mtu wa kuonana naye, nikabaki. Sikuwa na mtu. Na siku uliyosafiri kurudi Morogoro kabisa, nilikwambia nina kikao, sikukusindikiza. Napo hapakuwa na kikao. Nilishindwa kukaa na wewe saa nzima ndani ya gari mpaka uwanja wa ndege.

Dawati lilifungwa. Chumba chake sasa kinawekwa viti. Jumamosi moja mwaka huu, maktaba pale pale ninapoonana na wananchi, alinijia mama mmoja wa Kikongo na hita iliyomwunguzia zulia. Duka lilikuwa limekataa kuichukua na kumrudishia fedha zake. Nikapiga ile namba tuliyowaahidi watu. Tulisikiliza muziki mpaka chai yangu ikapoa, kisha simu ikakatika yenyewe. Yule mama hakukasirika. Aliniuliza tu, “Diwani, si kulikuwa na mama mmoja hapa aliyekuwa akiandika barua?”

Nikamwambia alikuwepo.

Kikao kilichofuata niliomba nafasi ya kusahihisha kumbukumbu za kikao cha bajeti. Mwenyekiti alinipa dakika moja. Nilisema dada yangu hakupiga simu yoyote, kwamba alisaidiwa na dawati tulilolifunga, kwamba nilijua hivyo nilipokuwa nasema vingine, na kwamba aliyemsaidia anaitwa Bi Hansa. Wengine walikuwa wanaangalia simu zao. Katibu aliandika mstari mmoja, tukaendelea na habari ya maegesho. Kura haikubadilika, dawati halikurudi, na kiongozi wetu haniiti tena pembeni.

Nilimtafuta Bi Hansa, nikamwomba radhi kwa simu. “Nilijua,” alisema. “Barua niliziandika mimi.” Hakusema amenisamehe. Aliuliza unalalia nini siku hizi, nikagundua kwamba sijui. Miaka yote hii nauliza mgongo, sijawahi kuuliza godoro.

Yule mama wa hita bado hajapata haki yake. Nimeliandikia lile duka barua mbili, za kubahatisha, kwa sababu kazi hiyo siijui. Kesho naandika ya tatu.

Dada, sikuombi uniambie yameisha. Nakuomba jambo dogo zaidi. Wapo watu wa kwetu waliokuwa ukumbini siku ile, na habari husafiri mpaka Morogoro. Mtu akikuuliza kama ni kweli ulilimaliza jambo lile peke yako kwa simu, usinisitiri tena. Usimwambie mimi ni mdogo wako. Mwambie nilidanganya.

Ni mimi,
mdogo wako