Virgule Iliyovunja Kisu

Papa wangu,

Kabla hujavaa miwani vizuri, mwambie Mama, najua amekaa hapo pembeni, kwamba mimi ni mzima, nakula, nalala, na kile kikohozi alichokisikia kwenye simu kimeniacha. Bila kusikia hilo hatakuruhusu kuendelea. Na ninyi je? Goti lako linasemaje? Maji ya ziwa yameondoka kwenye ua wa Mama Mdogo, au bado anapika juu ya matofali? Nasikia mikebuka imekuwa mingi sana mwezi huu. Msiniambie habari za mikebuka, mtaniliza bure. Samaki wa huku ni wa bahari na hana adabu. Bukari ya unga wa mahindi ipo, asante Mungu, ila wanaiita pap, kwa hiyo kila mama mwenye nyumba akiniuliza kama nataka pap, nakukumbuka wewe.

Papa, siku ile kwenye simu uliniuliza swali, nami nikajifanya mtandao umekatika. Haukukatika. Ulisema: “Ile mashine yako inakataka yenyewe. Sasa weye njo unafanyaka kazi gani? Unaichunga kama mbuzi?” Niliumia, nakiri. Lakini mtu aliyekereza chuma maisha yake yote kwenye atelye ya reli hapo Kalemie ana haki ya kuuliza, hasa akiuliza mtoto aliyekuwa anapiga tupa, kama ulivyosema mwenyewe, “kama mutu anapakaa siagi kwa mukate.” Basi nakujibu sasa.

Mji huu una jina jipya lenye mlio ambao ulimi wangu umeukataa, hivyo nasema Port Elizabeth kama wazee. Gereji iko nyuma ya nyumba ya Mzee Abrahams, fundi mstaafu ambaye ugonjwa wake ni magari ya mashindano. Dereva ni binti yake, Shireen. Siku za kazi anafundisha watoto wa chekechea kwa sauti ya upole, Jumamosi anaendesha kama amechokoza nyuki. Gari lao ni la zamani, vipuri vyake vingi havipo tena dukani, ndiyo maana tunavitengeneza wenyewe kwa alumini. Na mashine yetu, usicheke, si ya kiwandani. Ni ya mezani, ya watu wanaojifurahisha kuchonga mbao. Unaichorea kitu kwenye kompyuta, unaiambia kisu kishuke kiasi gani kila mzunguko, nayo inazunguka na kukata. Mbao inazikata kama papai. Alumini lazima uibembeleze, nusu milimita, tena nusu milimita, huku ukiinyunyizia spiriti ili chenga zisigande kwenye kisu.

Mwaka mzima nilikuwa nakata vitu vidogo visivyoua mtu. Mwezi uliopita Mzee akanipa kipande kinachoshika gurudumu la mbele la kulia, kile ambacho beringi inakaa ndani yake. Kipande hicho kikipasuka gari likiwa mbioni, gurudumu linakwenda kwake na Shireen anakwenda ukutani. Nilifurahi mpaka nikaogopa.

Sasa sikia aibu yangu. Asubuhi ya Jumatano, Mzee akiwa ameenda kutafuta matairi, niliandika kisu kishuke 0,5. Hivyo ulivyonifundisha, hivyo walivyonifundisha shuleni, na virgule yake, ule mkato, safi kabisa. Kompyuta ya huku haijui virgule, Papa. Hapa wanaweka nukta. Ile virgule ikaitupa nje, ikasoma sifuri tano, yaani tano. Milimita tano nzima! Mashine ikapiga kelele ambayo hata Mama angeisikia sokoni, kisu kikavunjika, na kabla sijaizima kilikuwa kimechimba shimo mahali ambapo ukuta wa kipande unatakiwa kuwa mnene.

Fidele alikuwa pale. Ni mtu wetu wa Moba, anauza matairi barabara ya pili na hupita kunywa chai. Akakigeuza kile kipande mkononi.

“Ndugu, njo hii tu? Kashimo kadogo. Uijaze chuma, upige tupa, upakae rangi. Nani atajua?”

“Shireen atajua.”

“Atajua namna gani?”

“Gurudumu ikitoka, njo atajua.”

Akanywa chai yake. Nisikudanganye, Papa, wazo lake lilinikaa kichwani kwa muda. Kilikuwa kimebaki kipande kimoja tu cha alumini cha ukubwa ule, na mimi nilikuwa nimengoja mwaka mzima kupewa kazi hiyo. Niliona tayari nikirudishwa kwenye vitu vidogo. Lakini Mzee aliporudi nilimpa kile kibovu mkononi kabla hata hajaweka matairi chini.

Akapitisha kidole gumba ndani ya shimo. Akaniuliza niliandika nini, nikamwandikia kwenye boksi: 0,5. Akacheka mpaka akakohoa, halafu akaacha kucheka.

“Nani kakufundisha kuandika hivi?”

“Baba yangu. Ameandika hivyo maisha yake yote, na hakuna treni iliyoanguka kwa sababu yake.”

“Basi treni za baba yako zibaki salama,” akasema. “Hapa ni nukta. Utakikata upya wewe mwenyewe. Na Jumamosi, gari likijaribiwa, utakaa kando ya Shireen. Aliyekata ndiye anayepanda.”

Nilidhani ni utani. Shireen akaniambia hapana, ndiyo desturi ya gereji, na baba yake mwenyewe alipanda mpaka mgongo ukamkataza.

Siku mbili zilizofuata sikutoka kando ya mashine, na hapo ndipo nilipoelewa ninachokifanya. Nasikiliza. Kisu kikila vizuri kina sauti moja, ya chini, unaweza hata kuzungumza juu yake. Sauti ikipanda kidogo, napunguza mwendo kabla chenga hazijaanza kuganda. Nagusa meza kwa kiganja, maana mashine nyepesi inatetemeka, na mtetemo unaandikwa kwenye chuma. Wewe ulikuwa unafanya hivyohivyo, ukitunyamazisha sisi watoto tuliokuletea chakula, nami nilidhani ni ukali tu. Nilikipima kipande mara nyingi mpaka Shireen akasema nitakimaliza kwa kukipima.

Jumamosi wakanivalisha kofia iliyonuka mafuta ya nywele ya mtu mwingine. Kona ya tatu ya uwanja wa mashindano inapinda kushoto, na pale uzito wote wa gari unakuja kulalia gurudumu la kulia. Langu. Mzunguko wa kwanza nilisali Salamu Maria, nikafika “sasa na saa ya,” nikaishia hapo, neno la mauti linalofuata sikulipenda. Shireen alikuwa anaimba. Mzunguko wa nne nikafungua macho. Gari lilipita kona ile likiwa limetulia, halitikisiki, nami nikajikuta nacheka peke yangu ndani ya kofia.

Tulizunguka mara nane. Niliposhuka nililala chini kwanza na tochi, nikakikagua kipande pande zote. Hakuna ufa. Nikaigusa beringi, ina joto tu. Baada ya hapo ndipo nikaenda nyuma ya matairi nikatapika.

Shireen akamwambia baba yake: “Upande wa kulia unanitii. Wa kushoto, kile kipande cha zamani, unanidanganya.” Mzee akanipa kipimo chake kizuri, kile ambacho hamwazimi mtu.

Barua hii anakuja nayo shemeji yake Fidele anayerudi Moba, ataipandisha boti mpaka kwenu. Msalimie Mama, na umwambie kitambaa cha meza alichonitumia kinapendeza. Msalimie dada yangu, Yaya Josefina, na watoto wake wa darasa. Mama Mdogo apewe pole ya maji. Shemeji wa Niemba mwambie muhogo wake nauota. Na yule katekista jirani mwambie bado nasali, ingawa wewe sasa unajua naishia wapi.

Papa, kuna jambo moja silijui, na hapa hakuna wa kumuuliza. Cha kushoto, ambacho sasa nimepewa nikikate, lazima kiwe pacha wa cha kulia, kwa unywele. Wewe ulipokuwa unakereza magurudumu mawili ya ekseli moja, la pili ulilipima kwa mchoro au kwa la kwanza? Usiniambie kwa simu. Nichoree kwa mkono wako, na vipimo uviandike kwa virgule zako zote, nitazigeuza mwenyewe. Nimemwomba Mzee muda, amekubali. Alumini mpya imefika na imekwisha kufungwa mezani, na sitawasha mashine kabla ya jibu lako.

Mwanao,
Placide