Siku Moja ya Mama Bwawani

Mwaka umetimia leo, mama yetu LaVonne Kucera, tangu asubuhi ile ya tarehe nne Novemba ulipotutoka ukiwa jikoni kwako, kahawa yako bado ya moto mezani.

Ulikuwa mwepesi wa kutoa. Jirani akijifungua, au ng'ombe wake wakinaswa kwenye theluji, sufuria yako ya supu ilitangulia kufika. Hakuna mfugaji wa upande wetu wa Colorado ambaye hajala mikate yako ya plamu.

Ila miaka tisa ya mwisho hukwenda popote. Baba alipopigwa na kiharusi alihitaji kulishwa, kuogeshwa na kugeuzwa kila baada ya saa mbili, nawe hukutaka alale kwa watu baki. Ndege uliowapenda tangu usichana ukawatazama kupitia dirisha la jikoni, ukiwaandika kwenye kalenda. Sisi tukasema, angalau Mama ana cha kumfurahisha.

Oktoba ile muuguzi alikubali kukaa na Baba hadi saa kumi. Binti yako Janelle akakuchukua kwa pikapu yake. Mkapita katikati ya malisho, mkifungua na kufunga mageti ya waya, mkahesabu korongo mia tatu kwenye shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Bwawani maji yalikuwa yamepungua, na ndege aina ya mwari, wenye midomo mikubwa, wamejaa kwenye ulimi wa tope ulioingia majini. Ulitaka kuwaona kwa karibu. Janelle akasogeza gari, magurudumu yakazama.

Ilikuwa saa nane. Janelle akatoa simu ampigie kaka yake Rodney, ukamshika mkono.

"Usipige kwanza, mwanangu."

"Mama, muuguzi anaondoka saa kumi."

"Najua. Nipe nusu saa tu. Hapa hata mtu akiniita, siwezi kwenda."

Nusu saa ikawa saa nzima. Janelle anasema uliweka darubini machoni, machozi yakakutiririka, wala hukutaja jina la ndege hata mmoja.

Rodney alikuja na trekta kutoka mbali. Muuguzi hakuweza kungoja, alikuwa na wagonjwa wengine. Mlipofika nyumbani jua limekwisha kuzama, na Baba alikuwa amekaa peke yake kwa muda wa saa mbili, amelowa, analia. Rodney akakuambia mbele ya Janelle, "Umemtupa Baba kwa ajili ya ndege?"

Ulivua viatu vyenye tope mlangoni, ukaingia kumbadilisha nguo. Siku kumi baadaye moyo wako ulisimama.

Sasa ni Rodney anayemuuguza Baba. Ameomba maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema: "Mama, nilidumu siku nne tu kabla sijaenda kujifungia ndani ya gari na kupiga kelele. Wewe ulidumu miaka tisa. Saa ile moja ilikuwa haki yako. Nisamehe."

Muuguzi huja siku mbili kila wiki. Tungeweza kumwita zamani. Hukuomba, nasi hatukukuuliza.

Unakumbukwa na mumeo Milo, ambaye bado hugeuza uso akisikia hatua mlangoni, wanao Janelle na Rodney, mkweo Trudy, wajukuu zako Keaton na Brynn, na dada yako Arlene wa Nebraska.

Hutatoka mioyoni mwetu, Mama, maadamu tunaishi.